Pampu Kando ya Mianzi

Nakumbuka siku moja kwa mlio wake kabla sijaikumbuka kwa lolote lingine. Ka-ka-ka, ka-ka-ka, huko juu kwenye mteremko, kama watu wengi wanaogonganisha vijiko vya mbao. Mianzi ikiwa mibichi, mwanangu, upepo ukipita husikii ila mnong'ono. Asubuhi ile haikunong'ona. Nilisimama na ndoo ya maziwa mkononi nikajua kuna kitu kimekufa kule msituni.

Nakuita mwanangu na bado sina mvi hata moja. Cheka tu. Kuna mambo humzeesha mtu kabla nywele hazijapata habari.

Kwetu ni juu ya Keringet, pale mashamba ya viazi yanapogusana na msitu wa Mau. Nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, nikikaa na nyanya yangu, tuliyemwita Gogo, nachunga ng'ombe huku naota mchana kweupe. Niliota nitasuka vikapu vya mianzi, niviuze mpaka Naivasha, nirudi na viatu vyekundu. Basi mianzi ikakauka na vikapu vyangu vyote. Kipande kizima kando ya mto kilikuwa rangi ya mabua ya mahindi baada ya mavuno.

Picha ziliingia kwenye grupu ya WhatsApp ya kijiji kabla chai yetu haijachemka. Chini yake mtu akaandika: "Nani anamwaga dawa?" Hakuandika jina. Hakuhitaji. Shamba lililopakana na mianzi ile alikuwa amelikodi Baba Moraa, aliyekuja kutoka magharibi na mke na mtoto wao mchanga. Kila wiki alipita na pampu mgongoni akipuliza viazi vyake dawa ya baridi, ule ugonjwa unaochoma majani msimu wa mvua. Watu wakamaliza hesabu yao: anaua msitu ili aongeze shamba. Huku kwetu neno mgeni limewahi kuchoma nyumba, kwa hivyo kila mtu alilitamka polepole, na huo upole ndio ulioniogopesha.

Jioni Anko Kiprono, mtoto wa mwisho wa Gogo, akaja akakaa jikoni.

"Wewe si ulimwona akiosha pampu pale kwa mianzi?"

"Nilimwona."

"Basi kesho kwa baraza sema hivyo tu. Wiki haiishi kabla hajatoka."

"Na viazi vyake? Si ndio vinachanua?"

"Kwani vina miguu, vimfuate?" Akacheka peke yake. "Lisemwalo lipo, msichana. Kama halipo, laja."

Na kweli nilikuwa nimemwona, ameinama, anasuuza, maji meupe yakiteremka kwenye mizizi. Tangu zile picha zije nilikuwa nimeanza kuona na mengine. Mbona mke wake hunisalimia bila kunitazama? Mbona mbwa wao habweki? Shaka ikishaingia nyumbani, mwanangu, haikai sebuleni kama mgeni mwenye adabu. Inafunua kila sufuria. Hata Moraa, mtoto wa kunyonya, nilimwona ana macho ya mtu anayeficha kitu.

Gogo alikuwa akipuliza moto. Anko alipoondoka, akasema, "Umeona pampu."

"Ndiyo, Gogo."

"Na mwanzi, umeuona?"

"Umekauka. Kila mtu ameuona."

"Kwa simu." Akasonya. "Kesho mapema utanishika mkono tuvuke mto. Mdomo usiofika mahali hauna ushahidi."

Tukavuka, yeye akilaumu magoti yake na mimi nikilaumu baridi. Ng'ambo ile hakuna shamba. Ni msitu mtupu, hakuna pampu iliyowahi kufika. Na mianzi ilikuwa imekauka vilevile, kipande baada ya kipande, mpaka juu tusikoweza kuona. Gogo akavuta ncha ya mwanzi mmoja akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na masuke membamba ya kahawia, kama ngano ya Mau Narok iliyosahauliwa shambani.

"Hii ni maua," akasema. "Mwanzi hukaa miaka na miaka, halafu siku moja unachanua, unamwaga mbegu, unakufa. Nilikuwa msichana kama wewe nilipoona ile ingine. Watu wakasema kuna mama ameulaani. Yule mama akahama usiku."

"Halafu?"

"Halafu ukaota. Chini, mdogo kama nyasi, ungeukanyaga na usijue. Wenye haraka walisema msitu umekufa, wakalima. Pale walipolima haujarudi mpaka leo. Waliongoja ndio wakapata huu uliozaliwa ukiukuta." Akanitazama. "Sasa jiulize. Msitu ukishaitwa maiti, ni nani ataomba aulime?"

Jina nililijua. Kiprono alikuwa mwanawe wa kumzaa.

"Kushuku si dhambi," akaendelea. "Mimi hushuku hata jua likitoka mapema. Lakini shaka ni ya kukutoa kwa kiti uende uangalie. Wewe ilikukalisha ukihukumu mtoto wa kunyonya."

Sijui alijuaje hilo la mtoto. Niliona aibu mpaka masikioni.

Baraza lilikuwa karibu na josho la ng'ombe. Nikasimama. "Nilimwona Baba Moraa akiosha pampu mtoni," nikasema, na Anko akaitikia kwa kichwa. "Na hiyo si vizuri, maji hayo tunakunywa." Baba Moraa akatazama viatu vyake. "Lakini ng'ambo hakuna anayepuliza dawa, na mianzi imekufa vilevile. Imechanua. Ona."

Suke likazunguka mkono kwa mkono. Mzee mmoja akalinusa. "Na tutajuaje hukulitoa kwa ngano ya watu?" Wakacheka.

"Vukeni," Gogo akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Ama mnaogopa kulowesha soksi?"

Wengine walivuka. Wengine hawajavuka mpaka leo. Baba Moraa akaachiwa shamba, akavuna, akapakia magunia, kisha akahama bila kufukuzwa na mtu. Aliniambia akifunga kamba, "Dada, asante. Lakini mtu akishakushuku mara moja, hata ukichota maji anachungulia ndoo. Sitaki Moraa akulie kwa macho hayo." Nikamshikia ncha ya kamba. Ukweli ulikuwa umemwokolea viazi; ujirani haukuokoka.

Ndiyo sababu nakwambia, mwanangu. Umri wa msitu ni mrefu kuliko wa mtu. Usiuite mfu kwa kuwa umefia mbele yako. Uliza aliyeuona kabla yako, na ukikosa wa kumuuliza, ngoja mvua. Anayelilia miti kwa sauti kubwa kuliko wote, msikilize, lakini tazama pia jembe lake ameliegemeza wapi. Shuku, sikukatazi, ila ushuku ukitembea. Usilolijua ni usiku wa giza, na gizani mtu humpiga ndugu yake akidhani ni mwizi. Mungu akupe uhai wa kuona mianzi ikichanua mara mbili, na akupe majirani wa kuitazama nao.

Mvua ziliporudi mwaka ule, shamba lile lilikuwa tayari limekodiwa na Anko, na ng'ombe wetu wamejitengenezea njia katikati ya mianzi mikavu. Nilienda huko peke yangu na panga. Nikapiga magoti. Kati ya alama za kwato kulikuwa na majani mabichi, membamba kama nywele. Nikakata matawi ya miiba, nikayaburuta moja moja, nikaifunga ile njia, kisha nikarudi nyumbani kukamua.