Seli Iliyofupika Mbele ya Marlys

Marlys Haugen aliajiriwa na chuo kimoja mjini Duluth, Marekani, kuosha vyombo vya maabara. Kilichompandisha cheo ni vidole. Tangu usichana wake alikuwa akifunga manyoya kwenye ndoana ili samaki wadhani ni mdudu, na mchana mmoja Dakta Pruitt, mkuu wa maabara, alimkuta akifunga ndoana ndogo kama punje ya mchele, tena bila miwani. Wiki iliyofuata akamkalisha kwenye hadubini.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa seli katika sikio la simbilisi. Ndani kabisa ya sikio mna mfupa uliojiviringa kama konokono, na humo zimepangwa safu za seli zenye vinywele kichwani. Sauti ikiingia, vinywele hupinda, na hapo ndipo kusikia kunapoanzia. Marlys alizitaka za safu za nje, nyembamba na ndefu. Seli ikishatolewa huishi saa moja, ikibahatika mbili, kisha huvimba ikawa duara, na habari yake imekwisha.

Majira ya baridi ya mwaka 1986, alipokuwa akipitisha umeme kidogo kwenye seli kwa sindano ya kioo, aliiona ikifupika. Akaugeuza umeme, ikarefuka. Akamwita Pruitt.

"Umegonga meza," Pruitt akasema.

"Sijaigusa."

"Basi ni gari la kukwangua theluji hapo nje. Seli haina misuli, Marlys."

"Sijasema ina misuli, Dakta. Nimesema inafupika."

Pruitt akaenda zake. Marlys akatafuta seli mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, sindano akaigusisha moja tu. Kama ni meza, zingetikisika zote mbili. Iliyoguswa ikacheza, jirani yake ikatulia tuli. Akamwita tena. Safari hii Pruitt alitazama, kisha akavuta kiti.

Baadaye walipata habari kwamba wenzao wa mji mwingine walikuwa wameshaliona jambo hilo kabla yao. Pruitt alinuna wiki nzima. Marlys yeye alisema, "Kama wao wameona na sisi tumeona, basi lipo," akaendelea na kazi.

Kilichokuwa kikimkera kilikuwa nyumbani. Mumewe, Norbert, alifanya kazi miaka ishirini na minane kando ya mashine za kutengeneza karatasi zenye kelele, bila kuziba masikio. Kila kukicha alilalamika kwamba watu siku hizi wanamung'unya maneno. Kifaa cha kusikilizia hakutaka hata kukiona. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Norbert lilikuwa la kufa kweli.

Jumamosi moja akampeleka maabara, akamwinamisha kwenye hadubini.

"Mbona inacheza?" Norbert akauliza.

"Ndivyo inavyosikia. Sauti ikiwa ndogo, inajivuta na kujiachia ili kuikuza."

Norbert akatazama kitambo kirefu. "Na zangu?"

"Nyingi zimekufa," Marlys akasema kwa sauti kubwa, akimtazama usoni ili amsome midomo. "Na hazioti tena."

"Kwa hiyo watu hawamung'unyi maneno."

"Hawamung'unyi, mzee wangu. Hata mimi."

Norbert akachukua kofia yake. Njiani kurudi hakuwasha redio. Marlys alidhani amemuudhi, akajuta kidogo. Jumatatu Norbert akaomba namba ya daktari wa masikio, akapiga simu mwenyewe, akaishia kumpa Marlys mkono wa simu kwa sababu hakumsikia karani.

Kifaa alikipata mwezi wa Machi. Kanisani hakukivaa, alisema kinanda kinamchoma ubongo. Alikivaa mezani, wakila viazi na samaki wa ziwani, na mara ya kwanza aliuliza ni kitu gani kinachokwaruza. Ilikuwa uma wake mwenyewe kwenye sahani.

Marlys alikaa kwenye hadubini miaka kumi na moja zaidi, mpaka macho yakamtaka apumzike.