Akaunti Yako Iko Wapi?

Juzi nilikuwa kwenye duka la simu hapa Dengfeng, mtaa wa Kichina wenye wafanyabiashara wengi Waafrika, nikisubiri kubadilishiwa kioo. Pembeni yangu dada mmoja wa Mwanza, mnunuzi wa nguo, alikuwa akibembelezwa na kaka mmoja mwenye tabasamu lisiloisha.

"Ni mtandao ambao watu wanabeti wenyewe kwa wenyewe," kaka alinong'ona. "Unafungua akaunti kwa pasipoti yako, mimi naweka hela. Unabeti dhidi ya rafiki yangu, unaliwa. Hela zinahamia kwake kama ushindi wa halali, nawe unapata asilimia kumi."

"Niliwe makusudi?"

"Ndiyo, dada."

"Na polisi wakiuliza?"

"Unasema ulikosa bahati."

Dada alirudisha pasipoti mkobani, akafunga zipu polepole huku akimkazia macho. "Akaunti moja ya rafiki yako, nyingine yangu. Yako wewe iko wapi?"

Tabasamu likakatika. Kaka akasema ana mgeni anamsubiri, akatoka upesi.

Nilimpongeza dada kwa moyo wote. Alinitazama kuanzia viatuni hadi usoni, kisha akahamishia mkoba bega la pili, mbali na mimi. Sikumlaumu hata kidogo.