Karata za Paka na Posa ya Mama Mdogo

Belo la mitumba likifunguliwa gulioni Kibiti, harufu yake hunifikia kabla sijaona nguo. Ni harufu ya dawa na vumbi la stoo iliyofungwa muda mrefu. Wenzangu wakiinama kuchambua magauni, mimi husogea pembeni nimekunja uso, nao hudhani naringa. Siringi. Nyinyi niwaambie ukweli: harufu ile hunikumbusha pakiti ya karata ambayo mpaka leo inanikera, pamoja na kitabu kimoja ambacho nacho kilinikera, ingawa kosa la kitabu lilikuwa dogo.

Tulikuwa tunakaa Bungu, karibu na barabara, nami nikiwa darasa la tano. Mama aliwauzia abiria wa mabasi korosho za kukaanga. Tuliishi na mdogo wake, Zuhura, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakumpeleka popote. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mambo ya mama mdogo yalikuwa mikononi mwa mama na kaka yao, mjomba Seif.

Alasiri tulibangua korosho ukumbini. Mafuta ya ganda la korosho huunguza na kuacha weusi vidoleni, na mtu mwenye vidole hivyo hashiki kitabu. Basi ikawa desturi kwamba sisi tubangue na mama mdogo atusomee. Alikuwa ameazima riwaya ya upelelezi iliyong'oka jalada. Tajiri mmoja anakutwa amekufa mezani, uji wake una sumu, na mpelelezi mwenye koti refu anaanza kuhoji watu. Mimi nilimshuku mpishi. Mama alimshuku mtoto wa kwanza, akasema mtoto anayemwamkia baba yake kwa sauti ndogo vile ana jambo.

Kumbe muuaji alikuwa mtu aliyeingia kitabuni sura mbili kabla ya mwisho, ndugu wa dereva, hata jina lake tulikuwa hatujalizoea. Nilichukia nikatupa korosho chini. Wiki nzima nilikuwa nimefikiri, halafu mwandishi ananiletea mtu wa nje.

"Ametudanganya," nikasema.

Mama mdogo alifunga kitabu. "Mimi kilichoniudhi ni kingine," akasema. "Mjane wa marehemu yumo humo ndani tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mtu aliyemuuliza kitu."

Mama akacheka. Akasema mjane yuko eda, aulizwe nini.

Karata zilikuja siku hizohizo. Mama mdogo alinunua mkoba wa mtumba, na kwenye mfuko wa ndani tukakuta pakiti ndogo. Nilishangilia, nikidhani tumepata za kuchezea. Hazikuwa na shupaza wala kopa. Zilikuwa na picha za paka: paka kavaa taji, paka kaning'inizwa kwa mguu, paka mwenye kichwa cha fuvu anakata majani kwa mundu. Mama mdogo akasoma kikaratasi cha Kizungu kilichokuwa ndani, akasema hizi ni karata za kubashiria, ila zimetengenezwa kwa mzaha, za kuchekea, na yule wa fuvu ndiye mauti. Niliona ni upuuzi mtupu. Mtu anatengeneza karata nzuri, ngumu, zinazong'aa, halafu huwezi kucheza nazo chochote. Na paka wenyewe walichorwa vibaya, wana macho ya mbuzi.

Mama aliziona, akasema zisitoke nje, watu wataita ramli. Mama mdogo akaitikia, akaziweka sandukuni.

Wakati huo posa yake ilikuwa imeshafika. Mchumba alikuwa mfanyabiashara wa Mbwera, mtu mzima mwenye boti ya mashine, ananunua mpunga na kaa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuniletea biskuti. Mjomba Seif alishakubali, na mama alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Mama mdogo alipoambiwa, alisema hataki. Mama akasema anaona haya. Usiku ule alilia, na jirani yetu akasema hata yeye alilia vilevile, bibi harusi asiyelia ana walakini. Kisha mama mdogo akanyamaza, wakasema ameridhika, maana tangu zamani kimya cha mwali ndicho kibali chake.

Wakaja wageni kutoka Mbwera kumtazama mwali: shangazi wa mchumba na dada yake, wamevuka kwa boti asubuhi, wakapanda bodaboda mpaka kwetu, na mchele mpya kwenye kikapu. Mama alitandika mkeka mpya. Mama mdogo aliingia amejitanda khanga vizuri, akaamkia, akamimina chai bila kumwaga hata tone. Nikamwona mama anapumua.

Ndipo akachomoa pakiti kwenye kibindo, akapanga paka wale juu ya mkeka, mbele ya yule shangazi.

"Shikamoo tena, mama," akasema kwa upole. "Nikutazamie?"

Shangazi akauliza, "Kutazamia nini, mwanangu?"

"Yatakayokuja nyumbani kwenu." Akafunua ya kwanza, paka wa fuvu na mundu, akaigonga kwa kidole. "Huyu namwona anakuja kwa boti."

Yule shangazi akasema astaghafirullahi kwa sauti ya chini, akajifunika vizuri, akasimama. Chai ilibaki. Hata kikapu cha mchele waliondoka nacho. Siku chache baadaye wakaleta ujumbe kwa mjomba kwamba wao ni watu wa dini na mpiga ramli hawamhitaji.

Mama alizichoma karata jikoni, moja moja, analia kwa hasira. Mjomba Seif aliacha kuja. Mama mdogo akapelekwa Mtunda kwa bibi akalime, na mtu na mdogo wake wakakaa miaka bila kusalimiana. Mimi nikabaki na korosho zisizo na msomaji. Nilizichukia karata zile. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba paka wale walikuwa na shetani, ndio waliomtia mama mdogo wazimu mbele ya wageni.

Niliamini hivyo mpaka nilipoposwa mwenyewe. Mama mdogo alikuja kutoka Mtunda, sasa ni mwalimu wa chekechea, ana mume na watoto wawili. Hata mzigo hajatua, akanivuta chumbani, akafunga mlango.

"Wamekuuliza?" akasema. "Wewe mwenyewe, wamekuuliza?"

Nikamwambia wameniuliza na nimemtaka. Akakaa kitandani kama mtu aliyeshusha gunia. Hapo nikathubutu kumtaja mgeni wa Mbwera. Nikamuuliza ilikuwaje siku ile, nini kilimpata.

"Hakikunipata kitu," akasema. "Nilisema sitaki, wakasema naona haya. Nikalia, wakasema ndiyo desturi. Nikanyamaza, wakasema nimekubali. Ningefanya nini tena, mwanangu? Nikatafuta kitu ambacho wangekisikia."

"Ungetuambia. Mama ameumia miaka yote hii."

"Mama yako nilimwambia wa kwanza."

Nilikuwepo ukumbini alipomwambia. Nilikuwa nabangua korosho. Kinachonikera hadi leo si hekima wala ujanja wake. Ni kwamba msichana mwenye akili timamu, anayesoma vizuri, alisema neno moja la Kiswahili linaloeleweka na kila mtu, na nyumba nzima tukalitafsiri.