Mteja Aliyekuja na Tarehe Yangu

Ukitaka usiniamini, ila usiseme nilikuwa nimesinzia. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua la Dodoma limesimama mlangoni, na chai yangu nilishakunywa.

Nina steshenari Makole. Natoa kopi, natuma maombi ya vyuo, na nahesabia watu umri mtandaoni. Kile kikokotoo nakipenda, sijui nikwambieje. Unaweka tarehe ya kuzaliwa, unabonyeza, kinakupa miaka, miezi na siku bila kukuonea haya. Watumishi wanakuja kuangalia wamebakiza muda gani wastaafu, wanatoka wamenyamaza.

Siku hiyo ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, na nilikuwa na kinyongo. Mama yangu, anayekaa Mkonze, kila ikifika siku hiyo hali chakula. Anajifungia ndani analia. Wewe ungejisikiaje, mama yako akililia siku uliyozaliwa? Nilishajiapiza kwamba mwaka huu lazima aniambie nilimkosea nini.

Ndipo akaingia mwanamke wa rika langu. "Mbukwenyi," akanisalimia kwa Kigogo, akakaa. Mzuri jamani, mzuri wa kutulia, na sura yake nikaona kama naijua. Akaniomba nimhesabie umri, akataja tarehe. Ilikuwa yangu ile ile, mpaka mwaka.

"Dada, kumbe tumezaliwa siku moja," nikamwambia.

Akatabasamu. "Hiyo ni yangu. Wewe ulikuja baadaye, watu wakivuna uwele. Hesabu tu, mdogo wangu."

Nikaiweka ile tarehe, nikabonyeza. Jibu lilipotokea akainama akalisoma kwa sauti, taratibu, amefurahi kama mtu aliyejaribu nguo ikamkaa. "Kumbe nimekuwa mtu mzima," akasema. "Mwambie mama."

Nikageuka kumchapia karatasi aende nayo. Kurudisha macho, kiti kitupu. Fundi cherehani anayeshonea pale mlangoni kwangu hakuona mtu akiingia wala akitoka.

Nilifunga duka, nikachukua bodaboda mpaka Mkonze. Nikamsimulia yote, na mama hakubisha. Kabla yangu alizaa mtoto wa kike, akafariki hajaanza hata kutembea. Mimi nilipozaliwa nikapewa jina lake, na cheti chake cha kuzaliwa nacho, maana kufuatilia kingine ilikuwa kazi. Wengi huku kwetu walifanya hivyo na hawakuona ubaya. Miaka yote hiyo mama hakuwa ananililia mimi. Alikuwa anamlilia mwenye siku yake.

"Alikuwa amevaa nini?" akaniuliza.

Nikamwambia khanga ya kahawia yenye maua meupe. Mama akakaa chini. Ndiyo aliyomzikia yule mtoto. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Amenenepa?"

"Amenenepa, mama. Na amependeza."

Nikampa ile karatasi. Akaishika mapajani muda mrefu, na jioni ile akala.

Siku hizi ikifika tarehe hiyo tunafungua kikokotoo kwenye simu yangu, mama anaangalia mwanawe amefikia wapi. Mimi yule dada namstahi mno, maana nimetumia tarehe yake maisha yangu yote na hakuja kuidai. Basi nakuonya wewe unayekaa na kompyuta kama mimi. Akija mtu kukuomba umri wa marehemu wake, usimcheke, wala usimuulize alifariki lini. Mhesabie mpaka leo. Hujui ni nani amesimama nyuma yake, anangoja jibu.