Mtama wa Korongo

Neno la kwanza ambalo mume wangu alilisema baada ya kiharusi hakuniambia mimi. Alimwambia mjane wa mdogo wake, kando ya shamba la mtama, wakati mimi niko jikoni nampondea viazi.

Tulikuwa tumehama kutoka Kisumu na kurudi nyumbani kwake, upande wa Asembo Bay, kwa sababu mjini hakukuwa na mtu wa kunisaidia kumwinua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala, mguu ukiburuzika, na mdomo ulitoa mlio mmoja tu, kama mtu anayetaka kukohoa. Hospitalini waliniambia nimsemeshe. Basi nilimsemesha. Asubuhi nilimuuliza kama amelala vizuri, nikamuuliza jina la mtoto wetu wa kwanza, nikamwonyesha kijiko na kumwambia, "Hiki ni nini, Mzee? Sema." Alinitazama, kisha akatazama mlango.

Mjane huyo nyumba yake iko ng'ambo ya ua wetu. Sisi wake wa ndugu huitana nyieka, yaani mke mwenza, na kwa kawaida ni jina la utani tu. Lakini mumewe alikuwa amekufa, na kila mtu huku anajua kwamba mjane anaweza kurithiwa na ndugu ya marehemu. Yeye alikuwa amekataa kurithiwa na yeyote. Nilipokuwa Kisumu niliweza kucheka jina hilo. Nilipokuja kukaa naye boma moja, lilianza kunikwaruza.

Shamba lake linashuka mpaka kwenye mafunjo, pale ziwa linapoanza. Vijana wa ufukweni, wale wanaotembeza wageni kwa mashua, walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiomba watu wenye mashamba karibu na mafunjo waache sehemu ya mtama bila kuvuna, ili korongo wenye taji warudi. Watu waliwacheka. Sisi tuliokulia huku tulipelekwa shambani tukiwa wadogo kupiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo ili ndege wasiguse hata punje moja. Leo eti uwalimie? Nyieka peke yake ndiye aliyekubali, tena hakuacha sehemu. Alipanda kipande kizima kwa ajili yao.

Na wakaja. Wawili kwanza, halafu kundi zima, warefu, shingo za kijivu, vichwani mashada ya manyoya ya dhahabu. Mume wangu aliwaona kutoka mlangoni. Siku iliyofuata alichukua fimbo yake, akajiburuza mpaka kule, na nyieka akamtolea kiti cha plastiki. Ikawa ndiyo kazi yake. Nikimaliza kumwogesha na kumlisha uji, anaondoka.

Siku ile ya viazi, nyieka alikuja mbio mpaka jikoni kwangu, kanga imemlegea kiunoni.

"Nyieka! Ameongea!"

"Nani?"

"Shemeji! Amesema, 'Wameshuka.' Neno zima, wazi kabisa!"

Nilisema, "Mungu asifiwe." Niligeuka nikaendelea kuponda viazi mpaka vikawa kama maji. Mimi ndiye niliyelala sakafuni kando ya kitanda chake hospitalini. Mimi ndiye ninayejua ni upande gani ukimgeuza anaumia. Nilikuwa nimeomba neno moja tu, lolote, hata kijiko, na yeye alilibeba likiwa zima akaenda kulimwaga kwenye shamba la mwanamke mwingine.

Jioni nikamwambia, "Mzee, sema tena. Sema 'wameshuka'." Akafumba macho.

Mvua fupi zilipokaribia nililima kipande changu upande wa pili wa boma, nacho pia kinagusa mafunjo. Nilimlipa mtu alime, lakini mbegu nilipanda kwa mkono wangu, mtama mwekundu, na wimbi pembeni. Niliweka mbolea ya ng'ombe ambayo nyieka hakuiweka. Mtama wangu ulikua ukapita kichwa changu, masuke mazito, mzuri kuliko wake, na wapita njia walisema hivyo. Nilimnunulia Mzee kiti kipya, chenye mikono, nikakiweka kivulini.

Korongo hawakuja. Walikuja ndege wadogo wa njano, wakining'inia kwenye masuke na kubishana kama wauza samaki. Halafu usiku mmoja kiboko alitoka ziwani, akala safu nzima na kukanyaga iliyobaki, akaacha mashimo ya nyayo yaliyojaa maji. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake kipya, akatazama uharibifu ule, akainua fimbo na kuielekeza ng'ambo, kwa nyieka.

"Kuna nini kule ambacho hakipo hapa?" nilimuuliza. Fimbo haikushuka.

Nilimpeleka. Nilimshika mkono mpaka kule, nikamkalisha, na kwa sababu moyo ulikuwa umejaa nikamuuliza nyieka hapohapo, mbele yake.

"Wewe unamwambia nini huyu mtu mpaka anaongea?"

Alikuwa ameinama, anakunja mabua ya mtama ili masuke yaguse chini. Akasimama wima na kunitazama kwa mshangao.

"Simwambii kitu, nyieka."

"Hakuna anayeongea na mtu asiyemwambia kitu."

"Kweli hatuongei. Mimi nafanya kazi yangu, yeye anatazama ndege. Wakisikia sauti wanaruka." Kisha akasema polepole, "Wewe unamuuliza maswali tangu asubuhi. Nasikia kutoka kwangu. Labda anachoka."

Ningempiga. Nilijua angalau nusu ya maneno yale ni kweli, na hilo ndilo lililoniwasha zaidi. Sikuondoka, kwa sababu kuondoka kungekuwa kumwachia yeye kiti na mume. Nilikaa chini kwenye nyasi kando ya mguu wake mbovu na kunyamaza kwa hasira.

Tulikaa sana. Niliona kwamba nyieka alikuwa ameacha uwanja mtupu katikati ya mtama, na pembezoni mabua yote yamelazwa, punje zimetapakaa ardhini. Ndege mkubwa kama yule anahitaji pa kutua. Mtama wangu ulikuwa ukuta.

Kisha wakaja, wakipiga mbawa pana nyeupe, miguu ikining'inia. Mmoja aliinamisha kichwa, akaruka juu, akatua, mwenzake akamjibu vilevile, wakazungukana. Sikuwa nimewahi kuwaona karibu hivyo bila jiwe mkononi. Nikasema kwa sauti, "Ooh, Mzee, ona—"

"Nyamaza," akasema mume wangu.

Neno zima, wazi. Mkono wake mzima ulishuka ukanishika begani ili nisisimame. Nilibaki pale nikilia bila sauti, na nyieka, aliyekuwa amesikia, aligeuza uso wake upande wa ziwa.

Siku hizi ana maneno mengi kidogo. Anaomba chai, anamtukana jogoo. Mimi na nyieka tunapanda vipande vyote viwili pamoja, na changu tunakilaza mabua kama chake. Nimepunguza maswali. Wageni wa mashua wakipita wanatupiga picha sote watatu.

Lakini korongo bado hutua kwake kwanza. Msimu huu walitotoa ndani ya mafunjo, na asubuhi moja vifaranga wawili walitoka wakimfuata mama yao, wa kahawia, miguu mirefu kuliko miili. Mume wangu aliwaona kabla yetu. Nilikuwa uani naanika omena, dagaa wa ziwani, na yeye alikuwa kwenye kiti, hatua chache tu kutoka kwangu. Akainua kichwa na kuita jina la nyieka, si langu. Nyieka alitoka nyumbani kwake akikimbia. Nami nikaacha omena, nikakimbia pia, nikahakikisha nimefika kwenye kile kiti kabla yake.