Siku Nilipoazima Pipa la Msiba

Jamani, aibu yangu inajulikana Izigo nzima, kwa hiyo sina haja ya kuificha, afadhali niisimulie mwenyewe kuliko msimuliwe na hao wanaotia chumvi (wapo wanaosema nilikuwa uchi kabisa, uongo mtupu, kaptula nilikuwa nayo). Mpaka leo nikipita njia panda na baiskeli yangu lazima mtu mmoja aniulize, "Proje, maji yamechemka?" na wenzake wanacheka, na mimi nacheka nao, nitafanyaje, lakini nikifika nyumbani siku hiyo chakula hakipiti.

Nianze na beseni, maana bila beseni hakuna mkasa. Wakati wa vita na Uganda wanajeshi walipiga kambi kwenye uwanja wa shule karibu na kwetu, na walipohama kusonga mbele waliacha vitu vya kila namna, watu tukaokota, mmoja akapata mabati, mwingine akapata viatu vyote vya mguu wa kushoto, mimi nikapata beseni. Msifikirie beseni la kufulia nguo. Lilikuwa la turubai nene lililopakwa mpira kwa ndani, lina fremu ya vyuma vya kukunja, ukilikunjua linasimama lenyewe kama kitanda, ukilijaza mtu mzima anaketi na maji yanamfika mabegani, na ukimaliza unalikunja unalifunga kwenye keria ya baiskeli unakwenda nalo popote. Walisema lilikuwa la ofisa mmoja aliyekuwa hapati usingizi mpaka aoge maji ya moto.

Mke wangu Leokadia alipoliona alisema, "Sasa hilo na wewe mnaoana lini?" Na kweli lilinitumikisha kuliko ndoa. Mimi ni fundi baiskeli, kuziba pancha ndiyo kazi yangu, na beseni lile lilikuwa pancha tupu, leo linavuja kwenye mshono, kesho panya wamelitafuna pembeni, nabandika kipande cha tyubu na solusheni, nasubiri likauke, najaza, linavuja kwingine. Usipolianika vizuri linaota ukungu na linanuka kama kiatu cha mvua. Uwanja wetu una mteremko, kwa hiyo kabla ya kulijaza lazima niweke mawe chini ya miguu miwili, la sivyo maji yote yanakimbilia upande mmoja na anayeoga naye. Halafu kuna kuni, na maji ya kubeba kwa madumu toka chemchemi bondeni, unapanda kilima unasukuma baiskeli ulimi nje. Watu walinicheka sana. Kwetu mtu anaoga kwa kujimwagia, uchafu unakwenda zake, sasa huyu Proje anaketi ndani ya uchafu wake kama kiboko! Nikaona haya, nikalikunja, nikaliweka darini, likakaa huko miaka.

Lilishuka darini kwa ajili ya dada yangu Adventina. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito kuliko yeye. Alikuwa akifanya biashara ya vitenge mpakani, kisha Bukoba mjini, mwanamke mnene wa kicheko, akiingia kanisani na kitenge chake wanakwaya wanakosea noti. Akarudi nyumbani mwembamba, na ugonjwa wenyewe mnaujua, ni miaka ile watu walipokuwa wameacha kuuita Juliana, kama vile vitambaa vya magendo, wakaanza kuuita kwa jina la redioni, na kila wiki kengele ya kanisa inalia. Ngozi ilimwasha, mifupa ilimuuma, kulala hawezi, kuketi hawezi. Siku moja nikalikumbuka beseni. Nikaliziba, tukachemsha maji na majani ya mubilizi, ile dawa chungu ya kwetu, Leokadia akamwingiza, na mimi nikiwa nje ya kizuizi cha mikeka nikamsikia dada anashusha pumzi, akasema, "Proje, humu sina uzito. Humu hakuna kinachouma." Nililia pale kwenye moshi, nikasingizia kuni mbichi.

Basi ikawa kila baada ya siku chache namwandalia. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma, na hicho maji hayakukiweza. Watu hawakuja. Wale wale aliokuwa akiwakopesha vitenge walipita njia ya juu wasikutane na mlango wetu, wengine kwa woga wa ugonjwa, wengine kwa kutojua waseme nini. Kila jioni aliuliza, "Leo nani kaniulizia?" na mimi natunga majina. Mwisho akasema, "Kesho nataka kuoga mapema, nivae kitenge changu, niketi uwanjani. Kama hawaji kuniona, basi niwaone wakipita." Nikaona Mungu kanijibu, maana tangu alale chumbani hakuwa ameomba kutoka hata mara moja.

Asubuhi nawasha moto, pipa langu la kuchemshia likatoboka kitako kwa kutu, maji yakazima moto wote. Ningeweza kuchemsha kwa sufuria, kidogo kidogo, yangechelewa lakini yangechemka. Lakini mimi kichwa changu kikaniambia, nenda kaazime pipa la chama. Chama chetu ni cha kuzikana, kila kijiji kwetu kinacho, kina mabenchi yake, masufuria yake na pipa moja lililokatwa juu, limechomelewa vishikio vya nondo na kupakwa msalaba mweupe ubavuni, na pipa hilo halitoki stoo ila kuna maiti. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Mimi nililijua. Lakini akili yangu asubuhi ile ilikuwa na maji tu.

Mtunza stoo alikuwa Ma Paskazia (kwetu mama mtu mzima tunamwita Ma, na mzee wa kiume Ta). Nikamsalimu, "Kasinge, Ma, naomba pipa." Akaacha anachofanya, akanitazama. "Ni kwa dada yako?" Hapo ndipo ilikuwa niseme, ndiyo Ma, anataka kuoga. Nikaona haya! Nikakumbuka kiboko, nikakumbuka vicheko, nikasema tu, "Ndiyo, Ma, ni kwa dada." Akashika mdomo. Akaingia ndani akatoa pipa mwenyewe, akalifuta kwa upande wa kanga yake, na machozi yanamtoka, na mimi mjinga nikafikiri, tazama huyu mama anavyoguswa na upendo wangu kwa dada yangu.

Nikalifunga kwenye keria, nikapita nalo katikati ya kijiji, msalaba unaonekana pande zote. Nikakutana na jirani yangu Ta Kaijage anakwenda kulima, jembe begani. Akasimama, akavua kofia, akageuza na jembe lake akarudi kwake. (Kwetu jembe haliingii shambani kabla maiti hajazikwa, hilo nalo nalijua tangu utoto.) Nikajisemea, mzee huyu siku hizi amekuwa mvivu kweli. Nikaendelea kusukuma baiskeli, tena napiga mluzi. Mluzi jamani!

Nyumbani mambo yakaenda vizuri, mvuke ukapanda juu ya migomba, Leokadia akamsaidia wifi yake kuingia, nikawasikia wanacheka nyuma ya mikeka, dada anamwambia, "Nisugue vizuri, leo nakwenda kutazamwa." Mimi nachota, nachochea, shati nimevua, masizi mpaka masikioni.

Ndipo nikasikia kilio toka bondeni. "Mawe! Mawe! Adventina!" (Mawe kwetu ni mama, ndicho kilio cha msiba.) Sauti moja, halafu tano, halafu kilima kizima. Wakaingia uwanjani kina mama wamejifunga kanga viunoni, wana mikungu ya ndizi vichwani na magunia ya maharage, wanaume wana mapanga ya kupasulia kuni, na nyuma yao katekista na kitabu chake, na seremala ana kamba ya kupimia jeneza. Mimi nimesimama kwenye mvuke, nimelowa, kaptula peke yake, na nyuma yangu pipa lenye msalaba linatokota. Ta Kaijage akanikumbatia akaniambia, "Jikaze, mwanangu, wewe ni mwanaume."

Nikapiga kelele, "Hajafa! Jamani hajafa!" Katekista akanishika bega kwa upole akasema, "Kweli kabisa, hajafa, anaishi kwa Bwana." Nikamwambia anaishi kwangu, yuko nyuma ya mikeka anaoga! Mama mmoja akasema, "Masikini, uchungu umempanda kichwani, mshikeni." Wakanishika. Vijana wawili wakanikalisha kwenye nyasi kwa nguvu, na kadiri ninavyopigana ndivyo wanavyonibembeleza.

Kina mama wanaoosha maiti wakaelekea kwenye mikeka kufanya kazi yao. Waliposogeza mkeka wakamwona marehemu ameketi ndani ya maji mpaka mabegani, ana povu kichwani, anawatazama.

Mayowe yaliyotoka pale sijawahi kuyasikia tena. Mmoja akaruka nyuma, akakanyaga mguu wa fremu, jiwe likachomoka, beseni likalala upande, na ule mshono niliokuwa nimeuziba mara zote hizo ukaachia toka juu mpaka chini. Maji yakashuka na mteremko wake, majani ya mubilizi na povu, yakapita katikati ya waombolezaji waliokwisha kuketi, yakabeba ndala, yakamlowesha katekista mpaka magotini. Mikeka ikaanguka. Na dada yangu, ambaye wanakwaya walikuwa wakikosea noti kwa ajili yake, akabaki ameketi juu ya turubai lililopasuka, uchi, mifupa yake yote inahesabika, mbele ya kijiji kizima. Leokadia akamrukia akamfunika kwa mwili wake. Mimi nilikuwa bado nimeshikwa.

Dada akajifunga kanga polepole, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Karibuni. Miezi yote hii nawaulizia, kumbe mlikuwa mnasubiri pipa."

Seremala alikuwa anaificha kamba yake mfukoni, dada akamwona, akamwambia, "Pima tu, mwanangu, usije ukatembea mara mbili." Akakimbia yule, aliacha hata baiskeli. Wengine hawakujua wakae au waondoke, Ta Kaijage akaanza kucheka kwa woga akaziba mdomo kwa kofia, na kina mama kwa sababu ndizi zilikwishafika wakazimenya, wakapika, tukala chakula cha msiba na maiti mwenyewe hayupo. Dada tulimkalisha kwenye kiti uwanjani, ndani ya kitenge chake kama alivyotaka, wakapita kumsalimu kwa zamu, macho chini, akawapokea wote. Aliwaona watu. Alitaka kuwaona, akawaona.

Usiku aliniambia, "Proje, Ma Paskazia alilia kweli. Wengine nimewasikia, ni sauti tu." Nililishona lile beseni upya, nikalibandika ndani na nje, halikuvuja hata tone, lakini hakuingia tena. Nikimwambia dada, maji tayari, anasema, "Nikiingia humo nawasikia wanalia." Na mifupa iliendelea kumuuma, akavumilia maumivu yake kitandani mpaka mwisho, na dawa pekee iliyokuwa ikimsaidia niliiharibu mimi kwa kuona haya kutamka neno kuoga.

Alifariki masika, asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Leokadia. Nikachukua baiskeli nikaenda kwa Ma Paskazia. Alikuwa barazani anachambua maharage na wenzake. Nikasema, "Ma, naomba pipa." Wenzake wakatazamana, mmoja akabana kicheko, na Ma Paskazia, ambaye ndiye aliyelia kweli, akaniuliza bila ubaya wowote, "Ni la kuoga, baba, au?"

Ikabidi niape. Nilisimama pale kwenye matope, mtu mzima na ndevu zangu, nikaapa kwa kaburi la mama yangu kwamba dada yangu amekufa, amekufa kweli, naomba mniamini amekufa. Ndipo Ma Paskazia akainuka.

Nikarudi na pipa. Ta Kaijage alikuwa anapalilia shambani kwake, akaliona, akanipungia mkono, akaendelea kupalilia. Watu walianza kuja jua limekwishapanda, wachache wachache, kimya kimya, na kila aliyefika alikwenda kwanza mlangoni, akachungulia ndani, akahakikisha, ndipo akarudi uwanjani akaanza kulia.

Toka siku ile nikienda kuazima kitu, hata kama ni sindano, nasema ni ya nini, nashona nini, nguo ni ya nani, mpaka mwenye sindano ananiambia basi, chukua. Na nikisikia jirani anaumwa, nakwenda siku hiyo hiyo, hata mikono mitupu, naketi naye, namtazama naye ananitazama. Wanaponicheka pale njia panda nawaacha wacheke. Beseni liko darini, nalianika kila kiangazi lisiote ukungu, na Leokadia ananisaidia kulikunja.