Dinosaria Hawahesabiwi Kajiado

Ndugu zangu wa Mbale, tangu niwatumie kile kitabu changu cha watoto mmekuwa mkiniuliza swali moja tu. Kaka yangu mkubwa aliuliza kwa simu. Shangazi aliuliza mbele ya kanisa zima, wakati wa matangazo. Nyote mlijua kwamba naandika kitabu cha dinosaria cha kufundisha watoto kuhesabu, nami sikuacha kujisifu juu yake kila Krismasi. Mbona basi kimetoka bila nambari hata moja, na ndani yake kuna dinosaria wangapi hasa? Nitawasimulia safari yenyewe, kutoka mlangoni pangu Kitengela hadi Kajiado na kurudi, kisha mnihukumu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, masomo ya msingi yalipofanywa bure. Darasa langu la kwanza lilijaa hadi watoto wengine wakawa wanakaa dirishani, miguu ndani, mgongo nje. Walikuwa wametoka kila pembe ya nchi na hawakuelewana juu ya kitu chochote isipokuwa dinosaria. Mmoja aliwahi kuona picha ya mnyama huyo kwenye gazeti lililofungiwa nyama, akaja nayo shuleni ikiwa na mafuta bado, na tangu siku hiyo hakuna aliyenichorea nyumba wala maua tena. Nikaona hapo nimepata bahati. Kama wanawapenda dinosaria kiasi hicho, basi watahesabu dinosaria.

Maneno niliandika mimi, na picha alichora mke wangu Rose. Alikata umbo la dinosaria kutoka katoni ya majani chai, akawa analiweka juu ya karatasi, anapitisha penseli pembeni, kisha anapaka rangi ya maji ya kijani. Ukurasa wa kwanza, dinosaria mmoja anafika kwenye silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, kunywa maji. Ukurasa wa pili anaongezeka mwingine, na hivyo hivyo mpaka ukurasa wa mwisho ambapo wamefika kumi. Wote walikuwa kijani, wote wanene, wote wakitabasamu kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa redioni. Nilikiona kitabu kile kuwa kazi ya ajabu, na sikumficha mtu maoni yangu.

Mchapishaji mmoja mdogo wa Nairobi alikipenda, lakini alikuwa na uwezo wa kuchapisha kitabu kimoja tu cha watoto mwaka huo. Mwandishi mwingine alikuwa ameleta hadithi ya sungura. Uamuzi aliuacha mikononi mwa Mwalimu Naserian wa Kajiado, ambaye humjaribia vitabu kwa kuwasomea watoto. Mwalimu huyo akisema ndiyo, dinosaria wangu wanachapishwa. Akisema hapana, anapita sungura. Nilimchukia sungura yule ingawa sijawahi kumwona.

Jumamosi asubuhi, Kitengela. Nilipata nafasi mbele katika lori la maji la jirani yangu Mutiso, aliyekuwa anapeleka maji mahali panapojengwa nyumba Kajiado. Rose alinikabidhi kitabu kikiwa kimefungwa kwa kanga yake ya kanisani. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Aliniambia neno moja, nisikifungue njiani, nami nikamjibu kwamba sikuzaliwa jana. Pundamilia walikuwa wamesimama karibu na barabara, wakiangalia nyumba mpya zinazowamalizia malisho, nami niliwapungia mkono kwa furaha.

Kabla ya Isinya, injini ilianza kuchemka. Tulikuwa na maji mgongoni ya kutosha watu na mifugo yao, na mbele lori lilikuwa linakufa kwa kiu. Mutiso aliegesha kando ya hoteli moja ya chai, akafungua boneti, akaanza kulisema lori kwa Kikamba. Mimi, kwa vile nilikuwa nimekaa na kitabu kizuri bila kumwonyesha mtu tangu asubuhi, nilikitoa kwenye kanga, nikaitandika karibu na injini na kukiweka juu yake ili Mutiso apoe moyo kwa kuangalia jalada. Wakati huohuo alikuwa anafungua kifuniko cha rejeta.

Maji yaliruka juu, mekundu kwa kutu, yakatua juu ya kitabu. Sisi wawili tuliruka nyuma tukapona, lakini dinosaria hawakuwa na pa kukimbilia. Kutu ilipenya kutoka jalada hadi ukurasa wa mwisho, kila doa likishuka mahali palepale. Na kwa kuwa Rose alikuwa akiliweka lile umbo la katoni mahali palepale ukurasa baada ya ukurasa, kila dinosaria alipata doa lake akaenda nalo hadi mwisho wa kitabu. Mmoja alitoka na shingo nyekundu, mwingine na tumbo la madoadoa. Mwingine rangi ilimtoka kabisa kiunoni akabaki mweupe. Niliketi chini kwenye changarawe. Ninasema bila aibu kwamba machozi yalinilengalenga.

Mutiso alikiangalia kitabu, akasema, "Mwalimu, sasa angalau hazifanani." Sikumjibu hadi tulipoukaribia mji wa Kajiado. Kurasa nilizianika kwenye dashibodi, na jua la huko likazikausha vizuri sana, jambo ambalo halikunifariji.

Saa sita mchana, Kajiado. Nyumba ya Mwalimu Naserian iko nje kidogo ya mji, ya mawe, na nyuma yake kuna zizi. Watoto wa pale na wa majirani walikuwa wameambiwa kuna mgeni wa kitabu, wakaja mbio, na kila aliyenifikia aliinamisha kichwa. Kitengela nilikuwa nimekaa muda mfupi, tena katikati ya watu wa kuja kama mimi. Nilidhani wameona kitu chini. Nikainama na mimi kutafuta, na kipara changu kikagongana na kichwa cha mtoto wa kwanza. Naserian, mama mwenye nyumba, akanieleza, akijizuia kucheka, kwamba mtoto anasalimia kwa kuleta kichwa na mtu mzima anakigusa kwa kiganja. Nilivigusa vyote, kimoja kimoja, kwa heshima iliyochelewa.

Katika kiti kikubwa cha sebuleni alikuwa ameketi mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Koko, yaani nyanya. Nilimpa salamu ya Kimaa, lugha ya Wamaasai, niliyofundishwa na Mutiso, "Takwenya," naye akaitikia "Iko" na kunitazama kuanzia viatu hadi kipara. Nilipewa chai ya maziwa matupu, nzito kuliko uji wa kwetu. Nilimweleza Naserian habari ya rejeta. Alisema madoa si kitu, anataka kuona watoto watafanya nini. Kisha akakaa kando.

Nilianza kwa sauti yangu ya darasani. Dinosaria mmoja amefika silanga. Watoto wakasogea karibu. Dinosaria wawili wamefika silanga. Wakasogea zaidi. Kwenye ukurasa wa tano niliwaelekezea kidole wanyama wale na kuwaomba watoto tuhesabu pamoja. Hakuna aliyefungua mdomo. Niliuliza tena, wako wangapi? Watoto walinitazama, wakamtazama Koko, wakatazama sakafu. Nilidhani hawajui hesabu, nikamwonea huruma Naserian. Nikaanza kuhesabu peke yangu, polepole na kwa nguvu, nikimgonga kila dinosaria kwa kidole, kama wafanyavyo walimu wanapoona aibu.

Hatimaye msichana mmoja mwenye pengo, nadhani kwa kunisaidia tu, alisema, "Wamefika wote."

Nilimuuliza wote ni wangapi.

"Wote ni wote," akasema.

Hapo Naserian alinihurumia. "Mwalimu, hesabu tunafundisha vizuri sana," akasema. "Tunatumia mawe, vifuniko vya soda, maharagwe. Lakini kitu iko hai na damu hatuelekezei kidole tukihesabu. Si ng'ombe, si watoto. Ukihesabu, wanapungua. Sisi ni watu wa kanisa, lakini hiyo hatujaribu."

Moyo wangu ulinishuka hadi kwenye soksi. Kitabu changu chote, kutoka jalada hadi mwisho, kilikuwa kidole kimoja kirefu. Nilimwona sungura akiingia kwenye mashine ya kuchapisha, masikio juu. Nikauliza, kwa hasira kidogo, sitaficha, sasa mtu atajuaje kama mifugo yake imerudi yote? Watoto walicheka, kwa sababu swali lilikuwa la kitoto. Naserian aliniambia niendelee kusoma bila kuuliza wangapi.

Basi nikafunua kurasa bila kuhesabu. Na hapo sebule ikabadilika. Watoto walianza kuwapokea wale wanyama mmoja mmoja. Yule wa shingo nyekundu amefika. Wa madoadoa amefika, anapenda kusukuma wenzake. Wa kiuno cheupe amefika, mama yake ni yule wa mbele. Nilishangaa walivyojua ni nani mama ya nani, na mimi mwenye kitabu sikujua. Koko mwenyewe alisogeza kiti. Kila nilipofunua walikuwa wanawasalimia dinosaria kama wageni wa arusi, na mimi nikaanza kusoma kwa madaha.

Nikafika ukurasa wa mwisho. "Dinosaria kumi wamefika silanga," nikasoma, nikafunga macho kungojea makofi.

Nilipofungua macho, yule msichana mwenye pengo alikuwa amesimama.

"Wa shingo nyekundu hayuko," akasema.

Nilitazama. Mahali pa shingo nyekundu palikuwa na doa jekundu juu ya nyasi tupu. Rose, akiwa amechoka mwishoni mwa kazi, alikuwa amemwongeza mgeni mpya akamsahau mmoja wa zamani. Nilikuwa nimesoma ukurasa ule mara nyingi, nikitamka kumi kwa sauti nzuri, na siku zote walikuwa tisa.

Watoto walianza kusema kwa pamoja. Wengine walitaka tumtafute kabla jua halijazama. Mdogo kuliko wote alianza kulia. Koko aliinua mkono, wakanyamaza, akanigeukia kama mtu anayemhoji mchungaji aliyelala.

"Mwalimu," akasema, "hii yako ya shingo nyekundu uliiacha wapi?"

Nyumba nzima ilinitazama. Nikasema ukweli ulio karibu: alibaki Isinya. Gari lilichemka, tukasimama, akashuka kunywa maji ya lori, na sisi tukaondoka bila kumtazama. Koko alitikisa kichwa. Aliniuliza kama nina mpango wa kumrudia, nami nikaahidi, mbele ya watoto wote, kwamba nitapitia palepale jioni. Aliyekuwa analia akanyamaza.

Halafu Koko akataka kujua wanyama hawa wanapatikana wapi siku hizi. Nilimweleza kwamba walikufa zamani sana, kabla ya watu.

"Zote?"

"Zote, Koko."

Akauliza, "Kuna mtu alikuwa anahesabu?"

Nilisema wataalamu bado hawajakubaliana.

Alasiri, kwenye geti. Lori la Mutiso lilikuwa tayari, tangi tupu, likiguruma. Naserian alinisindikiza, nami nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za sungura. Kisha akasema, "Kwa hesabu, kitabu kimeanguka. Toa nambari zote. Acha madoa, yachorwe hivyohivyo. Na ule wa shingo nyekundu lazima arudi, kwa sababu hawa watoto sitawalaza leo bila kuwaambia umempata. Ukifanya hivyo, nitaambia Nairobi ndiyo." Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Nilifurahi hata nikawa natafuta cha kusema kwa Kimaa, nikapata salamu tu, nikamsalimia upya.

Isinya, jua likielekea kushuka. Nilimwomba Mutiso asimame pale kwenye hoteli. Aliniuliza tunatafuta nini nami nikamwambia tunatafuta dinosaria. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa wakati wa kwenda nilimnyima maneno na hakutaka turudi huko. Tulizunguka lori mara moja tukitazama chini ya magurudumu. Mwenye hoteli alitupigia kelele kwamba kama tumepoteza kitu tusiseme ni yeye. Mnaweza kunicheka, lakini nilikuwa nimeahidi.

Nyumbani Kitengela, Rose alifungua mlango, akaichukua kanga yake, akaona kwanza kwamba ina kutu, kisha akaona kitabu. "Baba Brenda," akasema, "dinosaria wangu wameogea wapi?" Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuwa amenikaribisha kiti. Nilipofika mahali pa yule aliyesahaulika alikataa katakata. Alisema alichora kumi, anakumbuka. Akafunua ukurasa wa mwisho mezani, akanyoosha kidole, akaanza: mmoja, wawili.

Nilikidaka kidole chake hewani. Hata mimi sikujua nitafanya hivyo.

"Usiwahesabu," nikamwambia. "Tumeshapoteza mmoja."

Rose alinitazama kama mtu aliyerudishiwa mume tofauti na yule aliyemtuma. Kisha akavuta taa karibu, akawatazama wanyama wale mmoja mmoja, akiwaita kwa madoa yao kwa sauti ya chini, na alipofika kwenye nyasi tupu alisimama. Alichukua brashi.

Hivyo ndivyo kitabu kilivyotoka bila nambari, ndugu zangu. Ukurasa wa mwisho wenyewe mmeuona: wa shingo nyekundu anafika kwa kuchelewa, ameketi mbele ndani ya lori la maji, na wenzake wamegeuka kumtazama. Kuhesabu nafundisha bado, kwa vifuniko vya soda. Lakini asubuhi nikiingia darasani siwapitishii watoto kidole tena. Nawatazama nyuso, na asiyekuwepo namjua kabla sijafika mezani. Na wewe kaka, usinipigie tena simu kuuliza kuna dinosaria wangapi mle ndani. Wamefika wote.